Joto la Alfajiri na Mambo Yanayolipotosha

Katika somo la mwezi huu nataka kueleza neno ambalo wengine watasema halikupasa kuandikwa katika karatasi ya sharika, maana ni neno la chumbani. Nami nilisita kwanza. Lakini wainjilisti wajua, kama nijuavyo mimi, ya kuwa maneno ya chumbani yasiyoelezwa vema hutoka nje yakiwa magomvi, na magomvi hayo huletwa kwetu barazani. Afadhali tuyajue kabla hayajafika.

Mwaka jana walinijia mume na mke wa mtaa mmoja, wamechukua daftari. Walikuwa wameoana miaka minne wala hawajapata mtoto. Muuguzi mmoja alikuwa amemfundisha mke kupima joto la mwili wake kila alfajiri, apate kujua siku ambayo yai lake hutoka. Alifanya hivyo miezi mitatu, hakuacha hata siku moja. Mume wake ni seremala, mtu wa vipimo. Akachora mistari, akatia nukta, akaziunganisha, akaona mstari unapanda na kushuka kama njia ya mlimani. Tena walikuwa wameambiwa ya kwamba mstari wa mwanamke ambaye yai lake hutoka huwa chini kwanza, kisha hupanda na kukaa juu. Huu haukuwa hivyo. Basi mume akakata shauri kwamba mke wake hana mayai, na mama mzazi wa mume akaanza kuulizia habari za binti wa watu wengine. Mke aliketi pembeni mwa baraza, hakusema neno.

Mimi si daktari. Nikafuatana nao kwenda kwa mkunga mmoja aliyezeeka katika kazi hiyo. Yule mama akalifungua daftari, akaweka kidole juu ya tarehe moja, akamwuliza mke, “Mwanangu, usiku huu ulilala wapi?” Akafikiri, akajibu, “Msibani, kwa shangazi.” “Na huu?” “Nyumbani, lakini mtoto wa dada alikuwa na homa, nikakesha naye.” “Na huu je?” Hapo akacheka kidogo, akasema, “Hiyo ilikuwa Jumamosi, mama. Nilichelewa kuamka.” Mkunga akamgeukia mume, akamwambia, “Baba, umeandika joto, lakini usiku hukuuandika.”

Tangu siku ile nimejifunza habari hii kwa wanaoijua, nami nawaelezeni niliyoyapata.

Mwili wa mtu hauna joto moja mchana kutwa na usiku kucha. Katika mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich wa Leipzig alitangaza hesabu ya digrii 37 kuwa ndiyo joto la kawaida la mwili, na watu wengi hata leo hudhani kwamba kila kisichokuwa 37 ni ugonjwa. Sivyo. Joto hushuka usiku, likafika chini kabisa saa chache kabla ya kuamka, kisha hupanda polepole mpaka alasiri na jioni. Kati ya alfajiri na jioni huweza kuwa na tofauti ya nusu digrii na zaidi, hali mtu ni mzima kabisa. Lile joto la chini, la mwili uliopumzika usingizini na haujafanya kazi yo yote bado, ndilo linaloitwa joto la msingi. Mimi nitaliita joto la alfajiri, kwa kuwa ndipo wengi wetu hulikuta.

Katika mwanamke joto hilo lina mwendo wake wa mwezi. Tangu siku ya kwanza ya hedhi mpaka yai kutoka, huwa chini, mara nyingi kati ya digrii 36.1 na 36.5 hivi. Yai likitoka, mahali lilipotoka hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano. Tezi hiyo hutoa homoni iitwayo projesteroni, ambayo huutengeneza mji wa mimba upate kupokea mtoto, tena hupandisha joto la mwili. Joto hupanda sehemu mbili mpaka tano za kumi za digrii, yaani 0.2 mpaka 0.5, likakaa juu hata karibu na hedhi nyingine, kwa kawaida siku 12 mpaka 14. Mimba isipoingia, tezi hunyauka, joto hushuka, na damu huja. Mimba ikiingia, joto hubaki juu. Likikaa juu siku 18 au zaidi wala hedhi haikuja, yafaa mwanamke apimwe mimba.

Maarifa haya si ya jana. Mwaka 1876 daktari mwanamke wa New York, Mary Putnam Jacobi, alipewa tuzo ya Chuo Kikuu cha Harvard kwa insha ambayo ndani yake alionyesha kwamba joto la mwanamke hupanda na kushuka kwa zamu ya mwezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Theodoor van de Velde aliufungamanisha mwendo huo na kazi ya vifuko vya mayai, na katika miaka ya 1930 padre Mjerumani Wilhelm Hillebrand aliutumia kuwafundisha watu wa ndoa kuzijua siku za kupata mimba na siku za kutopata.

Sasa tazameni hesabu zenyewe. Kinachotafutwa ni mapando ya 0.2 tu. Tofauti ya alfajiri na jioni ni nusu digrii na zaidi. Basi jambo dogo la usiku mmoja laweza kufanana na kazi ya yai, au kuificha.

La kwanza ni saa. Joto lapanda kadiri alfajiri inavyoendelea, hata kama mtu angali amelala. Na walimu wa njia hii hukadiri kwamba kila saa ya kuchelewa yaweza kuongeza mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Mke ambaye siku za kazi hupima saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi akapima saa mbili asubuhi, ameongeza saa tatu, na saa tatu hizo zatosha kutengeneza “yai” ambalo halipo. Ndiyo sababu mstari wa yule mke ulipanda kila mwisho wa juma. Apime saa ile ile kila siku, isipitane zaidi ya nusu saa hivi. Na akichelewa, aandike saa aliyopima.

La pili ni usingizi wenyewe. Yapasa kuwa amelala usingizi usiokatika saa tatu kwa uchache kabla ya kupima. Na hapa ndipo wanawake wa kwetu wanapopata taabu kuliko wale walioandikiwa vitabu vya mambo haya. Mtoto akilia, ni mama aamkaye. Mgonjwa akiwapo, ni mama akeshaye. Msiba ukitokea, wanawake hulala chini kwenye mikeka, wengi katika chumba kimoja, huku nyimbo zikiendelea hata usiku wa manane. Joto la asubuhi ya namna hiyo si joto la msingi. Liandikwe, lakini lizungushiwe duara, lisihesabiwe. Vivyo hivyo wauguzi, walinzi, na wote wafanyao kazi usiku: wapime baada ya usingizi wao mrefu, ijapokuwa ni mchana, na wakibadilishiwa zamu waandike siku ya mabadiliko, maana mwili hukawia kuzoea.

La tatu ni kuinuka. Kipimajoto kiwe karibu na mto, mahali ambapo mkono hukifikia bila mtu kuketi. Mke akitoka kwenda chooni uani, au akachochea moto kwanza, au akateka maji, amekwisha kulitikisa joto lake. Najua neno hili ni gumu katika nyumba ambamo mke ndiye aamkaye kwanza kwa kila kazi. Mume atakaye kujua siku za mke wake na auchochee moto yeye mwenyewe dakika kumi. Si kitu kikubwa.

Homa nayo yahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu ya nchi tuliyo nayo. Malaria ikishika, joto hufika 38, 39, hata 40, na hapo hakuna anayedanganyika. Kinachodanganya ni joto la siku moja kabla ya homa kudhihirika, na mafua madogo, na jipu, na jino bovu, ambayo huongeza sehemu mbili au tatu tu, sawasawa na kazi ya yai. Kisha mgonjwa humeza paracetamol au aspirini, nazo dawa hizi hushusha homa, na mstari huanguka ghafula. Mtu asiyejua huona mstari uliopanda ukashuka, akasema yai limetoka na hedhi yaja. Kwa hiyo siku za ugonjwa zote, na kila kidonge kilichomezwa, viandikwe. Nasema tena kwa nguvu: mwenye homa asikae nyumbani kusoma daftari. Aende kupimwa malaria.

Pombe ya jioni pia hulipandisha joto la asubuhi, hasa ikinywewa nyingi au usiku sana. Hata kibuyu cha mbege cha arusini kina sehemu yake. Safari nayo huvuruga. Mtu atokaye milimani Machame, ambako usiku hujifunika mablanketi mawili, akapanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam, amebadilisha usingizi, saa, chakula na hewa, yote kwa siku moja. Asishangae kipimo chake kikicheza siku mbili tatu.

Tufike kwenye chombo. Kinywani, chini ya ulimi, ndipo wengi hupima. Midomo ifungwe, tena asinywe maji wala chai kabla. Mwenye mafua anayepumua kwa kinywa atapata joto pungufu. Kupima ukeni au katika njia ya haja kubwa huleta hesabu thabiti zaidi. Kwapani hapafai kwa kazi hii, maana joto la ngozi hufuata hewa ya nje. Mahali po pote atakapochagua, asihame katikati ya mwezi, kwa kuwa joto la njia ya haja kubwa hupita lile la kinywani, na kuhama peke yake kutaonekana kama kupanda. Hali kadhalika asibadilishe kipimajoto. Chombo kimoja chaweza kupitana na kingine sehemu moja au mbili, na kwa homa si kitu, lakini kwa hesabu yetu ndiyo yote.

Kipimajoto kinachofaa ni kile kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, kama 36.45. Vile vya zebaki viko bado katika nyumba nyingi. Yeye aliye nacho akikung'ute jioni ili zebaki ishuke, wala asikitoe kinywani kabla ya dakika tano. Nchi nyingi zilipatana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumizwa na zebaki, kwamba utengenezaji na biashara ya vipimajoto hivyo ikome kufikia mwaka 2020. Kikivunjika chumbani, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe, wala zebaki isishikwe kwa mkono wala kufagiliwa kwa ufagio. Vile vya betri hulia vinapokwisha kupima. Betri ikidhoofika, tarakimu zake haziaminiki. Na vile vilivyoelekezwa kwenye paji la uso milangoni wakati wa korona mwaka 2020 havikufanywa kwa kazi ya namna hii.

Kuna mambo mengine ambayo hayakipotoshi kipimo bali huligusa yai lenyewe, na ni lazima tuyatenge, maana watu wengi huyachanganya. Mwanamke anyonyeshaye mtoto mchanga huweza kukaa miezi mingi bila yai kutoka. Mstari wake ukiwa tambarare, kipimajoto kimesema kweli. Atumiaye vidonge vya uzazi wa mpango, au sindano ya miezi mitatu, au vijiti vya mkononi, asijisumbue kupima, kwa kuwa dawa hizo huubadilisha mwendo wote, na nyingine hulipandisha joto zenyewe. Tena aliyeacha sindano avumilie: yaweza kupita miezi mingi, hata karibu mwaka tangu sindano ya mwisho, kabla yai halijarudia zamu yake. Ugonjwa wa tezi ya shingo hulishusha au kulipandisha joto la mwezi mzima, na hufaa kutibiwa kwa ajili yake wenyewe. Huzuni kubwa, njaa, na hofu huweza kulichelewesha yai. Yule mke wetu, ambaye kila asubuhi alipima huku mumewe amesimama na kalamu, sijui kama mkunga alikosea aliposema, “Hata mimi lisingetoka upesi.”

Baada ya hayo, namna ya kusoma si ngumu. Huhesabiwa siku sita za joto la chini zilizotangulia, zilizo safi, bila zile za duara. Kisha hutafutwa siku tatu zilizofuatana, kila moja juu kuliko zote sita, na ya tatu iwe imepita ile ya juu kuliko zote katika sita kwa 0.2 kwa uchache. Hapo husemwa kwamba yai limekwisha kutoka. Siku moja iliyoruka juu peke yake si kitu.

Angalieni neno hilo, “limekwisha kutoka.” Joto hutoa habari ya jambo lililopita. Yai huishi saa 12 mpaka 24 tu. Mbegu za mume huweza kuishi ndani ya mwili wa mke mpaka siku tano. Kwa hiyo siku za kupata mimba ni zile tano za kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka kwake, na wanaongoja joto lipande ndipo wakutane wamefika sokoni watu wametawanyika. Watakao mtoto watazame pia ute wa ukeni, ambao siku hizo huwa mwororo, wenye kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Huo ndio utanguliao. Kipimajoto kitawaonyesha, baada ya miezi michache, kama siku zao hufuata mpango.

Nao watakao kuachanisha watoto, hatari yao iko upande wa pili. Mke aliyechelewa kuamka Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu akaamka na mafua, ameona siku tatu za juu zisizo za yai. Akidhani siku salama zimefika, kumbe yai halijatoka bado, wiki kadhaa baadaye atajua. Wengi wanaosema njia hii iliwadanganya hawakudanganywa na joto, ila na usiku ambao haukuandikwa. Tena wasitegemee joto peke yake, wala wasianze kabla ya kufundishwa uso kwa uso na muuguzi au mkunga. Na njia hii haimkingi mtu na maradhi ya zinaa wala virusi vya Ukimwi.

Narudi kwa wale wawili. Mkunga alitwaa kalamu nyekundu, akazizungushia duara siku za msiba, za homa, za kuchelewa. Mwezi wa kwanza ukabaki na siku chache mno, akauacha. Katika wa pili palionekana kupanda, ila kwa mashaka. Katika wa tatu, ambao haukuwa na msiba wala mgonjwa, siku sita za chini na kisha siku kumi na mbili za juu zilikuwa wazi kiasi kwamba seremala mwenyewe alizihesabu kwa kidole, akarudia kuzihesabu.

Kisha yule mama akamwuliza, bila ukali, “Na wewe, baba, umepimwa?” Akanyamaza. Hakuna daftari la mke lenye safu ya mume. Joto likipanda vizuri kila mwezi, laonyesha yai tu. Halisemi kama mirija ya mke imezibwa na ugonjwa wa zamani, wala kama mbegu za mume ni nzima. Waganga wamekwisha kuona kwamba katika nyumba zisizopata mtoto, karibu nusu sababu ya mume imo, peke yake au pamoja na ya mke. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita hupatwa na shida hiyo wakati fulani wa maisha yake. Na kanuni ya hospitali ni hii: waliokaa pamoja miezi 12 bila kinga wala mimba, waende kupimwa wote wawili, mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Hawa walikuwa wamengoja minne ya miaka, na aliyeshtakiwa muda huo wote ni mmoja.

Wainjilisti, ikiwa daftari la namna hii litaletwa kwenu, msilisome. Ulizeni kama wote wawili wamekwenda hospitali, na kama mmoja hajakwenda, fuataneni naye. Mama mkwe naye aitwe, aambiwe mbele ya mwanawe kwamba hakuna hukumu iliyokwisha kukatwa. Mimi nilimwita yule. Alikuja akiwa na hasira, akaenda zake bado ana hasira kidogo, lakini habari za binti wa watu hazikuulizwa tena.

Wale wawili walikwenda kupimwa mwezi uliofuata. Majibu ni yao, siyaandiki. Daftari jipya limechorwa safu tatu: tarehe, joto, na usiku. Safu ya tatu huandikwa na mume, maana sasa ndiye aamkaye kwanza, naye huanza kwa kuuliza mke amelalaje.